Kitambaa cha bibi kimechakaa: nakihamishaje kwenye kompyuta kros kwa kros?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko Chumbageni hapa hapa Tanga. Bibi mzaa mama ametuachia kitambaa cha meza ndogo alichokidarizi mwenyewe kwa mshono wa msalaba, jogoo wawili wanatazamana, katikati ua jekundu, pindo la majani, na chini kuna maneno MGENI NJOO MWENYEJI APONE ila pale mwisho pana tundu, NE haipo tena. Nimekipiga picha nikaitia kwenye programu ya kugeuza picha kuwa pateni ikaniletea rangi 64 na haieleweki, ni vidoti tu. Nikahesabu kwa rula, kwenye sm 10 napata kros 48 kwa upana na 43 kwa kimo, sijui nakosea wapi. Halafu jogoo hawafanani, wa kulia mkia umezidi. Nataka nikishone upya kabla hakijaisha kabisa. Nianzie wapi, na huyo jogoo nimrekebishe? Laptopu ninayo ya kawaida tu."

Marahaba mwanangu. Picha uliyotuma nimeikuza nikaitazama kipande kwa kipande, na kabla ya yote nikutoe wasiwasi, hesabu yako ya rula iko sawa kabisa, 48 na 43, hujakosea popote. Programu ndo imeshindwa, na imeshindwa kwa sababu umeipa kazi ambayo si yake. Kitambaa kama hiki hakitolewi kwa kugeuza picha, kinatolewa kwa kuhesabu, wewe mwenyewe kwa macho yako, na kompyuta unaitumia kama karatasi ya vijumba ambayo haiishi na haichaniki ukifuta. Ukilishika hilo yanayobaki ni uvumilivu tu.

Ngoja nikueleze zile rangi 64 zilikotoka. Bibi yako katumia rangi tano, nimezihesabu: nyekundu, kijani, njano, kahawia na nyeusi. Sasa programu haijui kros ni nini, yenyewe inaona picha, inaigawa vijumba, kila kijumba inachukua wastani wa rangi iliyomo afu inatafuta kwenye orodha ya nyuzi ule unaokaribia, na orodha ya DMC, ile kampuni ya nyuzi za kudarizi, peke yake ina rangi kama 500 hivi. Kwenye kros moja nyekundu mna wekundu wa pale uzi ulipopigwa na mwanga, mna wekundu wa kivuli pale miguu miwili ya kros, yaani mishono yake miwili ya mshazari, inapopandana, mna weupe wa kitambaa unaochungulia kwenye pembe, na kama upande mmoja wa meza ulikuwa unaelekea dirishani basi huko uzi umepauka na wekundu ni mwingine tena. Nyekundu moja ya bibi inatoka nyekundu kumi na tano. Juu ya hapo vijumba vya programu havikai juu ya kros za bibi, kimoja kinaikata kros katikati, kingine kinachukua robo ya hii na robo tatu ya jirani yake, ndo vile vidoti. Zile programu zilitengenezwa kwa picha za sura za watu na mandhari, huko kijumba kimoja kikikosea hakuna anayeona. Huku kwetu kila kijumba ni uamuzi wa mtu aliyeshika sindano, ama kros ipo ama haipo.

Sasa hiyo 48 na 43, hapa ndipo pana utamu. Vitambaa tunavyonunua sa hivi kwa kazi hii, vile vya matundu vinavyoitwa Aida, vimefumwa makusudi ili kila kros iwe mraba kamili. Kuna vya kros 11 kwa inchi, 14, 16 na 18, ukivipima kwa sm 10 unapata kama 43, 55, 63 na 71, na ukikigeuza kulala au kusimama hesabu ni ile ile. Bibi hakuwa na kitambaa hicho. Angalia pale ukingoni alipopindia, ni pamba nene ya kawaida, na kila kros imeruka nyuzi nne kwenda pembeni na nyuzi nne kwenda juu, manake alikuwa anahesabu nyuzi za kitambaa chenyewe, na hiyo ni kazi ya macho hasa, nakwambia. Kwenye kitambaa cha kawaida nyuzi za mtande, zile za urefu, na nyuzi za mshindio, zile za kukatiza, hazilingani, upande mmoja zimebanana zaidi, kwaiyo kros zake si mraba, ni nyembamba kidogo zimesimama, upana milimita 2.1 hivi na kimo 2.3.

Utasema milimita 0.2 ni kitu gani. Chukua jogoo wa kushoto, nimemhesabu kros 58 kwa upana na 62 kwa kimo. Kwa bibi huyo jogoo ana upana wa sm 12.1 na kimo sm 14.4, mrefu, kifua mbele. Ukimshona kwenye Aida ya 11 kimo kinabaki kile kile lakini upana unafika sm 13.5, tayari kanenepa. Kwenye ya 14 anakuwa sm 10.5 kwa 11.3, mdogo na mnene. Watu wanashona miezi wee, siku ya kutandika mezani wanakiangalia wanasema mbona si chenyewe na hawajui kwanini, pateni wameifuata kros kwa kros! Jawabu ni hilo, kros ni zile zile ila vijumba vina umbo lingine.

Ukitaka jogoo yule yule basi tafuta pamba nene ambayo nyuzi zake zinahesabika, nenda nayo dukani rula na kioo cha kukuzia, hesabu kwenye sm 1 pande zote mbili, unatafuta kama nyuzi 19 upande mmoja na 17 upande wa pili, na duka la kwanza ukikosa usikate tamaa ingia la pili. Ukiona inakuchosha shona kwenye Aida ya 11, itatoka pana kidogo lakini heshima yake ipo. Usichofanya ni kumwongezea jogoo mistari ili arefuke, manyoya ya mkia yale yamepangwa kwa ngazi, ukichomeka mstari katikati ngazi inavunjika na haitengenezeki.

Picha. Ile yako umeipiga usiku kwa taa ya ndani na simu imelala upande, ndo maana jogoo wa mbali ni mdogo kuliko wa karibu. Kabla sijakuelekeza nikuombe kitu kimoja, USIKIFUE kwanza. Najua kina madoa ya chai na moyo unakutuma ukifue kitakate kipendeze kwenye picha. Mimi nililetewa foronya ya mama mkwe wangu niinakili, nikaona nianze kwa kuisafisha, maji baridi tu na sabuni kidogo, na ile nyekundu ikachuja ikasambaa kwenye weupe wote mbele ya macho yangu na sikuwa na la kufanya. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, manake ilikuwa imekaa kabatini miaka mingi salama, ikaharibika mikononi mwangu. Nyuzi nyekundu za zamani usiziamini. Kama ni lazima ujue, lowesha pamba nyeupe kidogo, ibonyeze juu ya kros moja nyekundu kwa upande wa nyuma kama dakika moja, ikitoka na wekundu basi kitambaa hicho hakiingii majini.

Kwaiyo kipige picha na madoa yake. Asubuhi, karibu na dirisha, jua lisikipige moja kwa moja, fleshi zima. Kitandike sakafuni juu ya shuka la rangi nzito ambayo haimo kwenye darizi, bluu iliyoiva mathalani, ili pale penye tundu paonekane bluu usije ukapadhania ni kros. Weka rula mbili, moja ya kulala moja ya kusimama. Panda juu ya stuli, simu iwe sambamba na kitambaa kabisa, na bora usimame mbali kidogo ukuze mara mbili kuliko kusogea karibu, ukisogea sana kingo za picha zinapinda kama tumbo. Piga yote mara moja, afu piga vipande vipande, kila kipande kiingiliane na mwenzake kama upana wa vidole vitatu. Ukipata stashonari yenye skana ya kulaza, ile unayofunika na kifuniko, ni bora zaidi, waambie wapige kwa 300, yaani pikseli 300 kwa inchi, kros moja ya bibi itakuwa na pikseli kama 24 na hapo unaona mpaka mguu upi umelala juu. Ile skana ya kupitisha karatasi usiikubali hata kwa bahati mbaya, itakimeza.

Afu kigeuze upige picha ya nyuma yote. Watu wanaisahau nyuma na nyuma ndo kuna siri. Mwanga haukufika huko, kwaiyo rangi ziko kama siku bibi alipozinunua, na unaona uzi ulivyotembea, wapi alianza, wapi uliisha akaingiza mwingine. Pale kwenye ua ambapo kwa mbele huoni kama ni kahawia au ni nyekundu iliyochoka, nyuma inakujibu hapo hapo.

Haya, laptopu. Programu za kuchorea pateni zipo, KXStitch ni ya bure kwa wenye Linux, Stitch Fiddle iko kwenye intaneti, na zote zinakuruhusu kuchora kijumba kwa kijumba bila kugeuza picha. Ukiwa nayo itumie. Ila mimi kwa mtu wa mara ya kwanza namwambia afungue Eksel au LibreOffice Calc, ile ya mahesabu, manake karibu kila mtu anayo na ina faida moja kubwa nitakayokuonesha.

Kitambaa chako nimekihesabu kwa kukadiria kwenye picha, ndani ya pindo kros 168 kwa upana na 120 kwa kimo, pindo lenyewe kros 16 kila upande, jumla 200 kwa 152. Hakikisha na kitambaa mkononi. Kwenye Calc chagua ukurasa wote, upana wa vijumba weka sm 0.42 na kimo sm 0.47. Sio mraba, ndio, ni kros ya bibi mara mbili, kwaiyo utakachochora kwenye skrini kitakuwa na umbo lile lile la mezani na jogoo wako utamtambua. Kila baada ya vijumba 10 chora mstari mnene, kulala na kusimama.

Usipake rangi kwa mkono. Andika herufi, N kwenye kila kijumba cha nyekundu, K kijani, J njano, H kahawia, U nyeusi. Afu uiambie programu kwa ile sehemu ya kupaka rangi kwa masharti kwamba kijumba chenye N kiwe chekundu, chenye K kiwe cha kijani na kuendelea. Faida ya kwanza, siku ukiona nyekundu yako si yenyewe unabadilisha sharti moja na kitambaa kizima kinageuka. Faida ya pili, kijumba chochote nje ya mchoro andika =COUNTIF(A1:GR152;"N") na inakwambia kros nyekundu ziko ngapi, papo hapo, zote, bila kuhesabu na kidole. Kwenye Eksel kawaida hiyo nukta mkato inakuwa mkato tu. Usitumie nyota wala alama ya kuuliza kama alama za rangi, hiyo fomula inazipa maana nyingine, na usitumie N kubwa kwa iliyokoza na n ndogo kwa iliyopauka, haizitofautishi.

Kuhesabu kwenyewe, picha iandae kwanza. Kama una GIMP, programu ya kuhariri picha, na ni ya bure, kata kile kipande cha sm 10 kwa sm 10 ulichokipima, kibadilishe saizi kiwe pikseli 960 kwa 860, yaani 48 mara 20 na 43 mara 20, ule mnyororo unaofunga upana na kimo uufungue, afu washa gridi ya pikseli 20. Kila kijumba cha gridi kinakaa juu ya kros moja, raha tupu. Ukiona mbele kidogo gridi inaanza kuteleza usishangae, kitambaa kimevutwa na pasi miaka na miaka hakiko sawa kila mahali, kwaiyo fanya vipande vidogo vidogo, kros 30 au 40, upange upya. Kama GIMP hutaki, ichapishe picha kubwa kubwa uchore mistari ya kumi kumi kwa kalamu, inafanya kazi vile vile. Kushonea uzi wa kuhesabia juu ya kitambaa chenyewe hapana, pamba hiyo imeshachoka, kila sindano ni tundu jipya.

Anza katikati, kwenye ua, uende kwa jogoo wa kushoto afu wa kulia, na jogoo wa kulia umhesabu mwenyewe kama vile humjui wa kushoto. Kishawishi cha kunakili wa kushoto na kumpindua kitakuwepo, usikifuate, nitakwambia kwanini. Pindo acha mwisho manake pindo ndo shahidi wako. Majani yale yanajirudia kila kros 12, upande wa chini kuna majani 14 toka kona mpaka kona, 14 mara 12 ni 168, na pembeni kuna 10 ambayo ni 120. Ukimaliza katikati ukakuta upana wako unatoka 166 au 170 umeruka mahali, rudi ukatafute kabla hujaenda mbele.

Herufi zilizoliwa ndo rahisi kuliko zote, we ulikuwa unaona ni msiba. N iko kwenye MGENI, iko kwenye NJOO, iko kwenye MWENYEJI. E hali kadhalika. Bibi alizishona zote kwa kipimo kimoja, herufi za kawaida upana kros 5, M na W kros 7, I kros 3, kati ya herufi na herufi kros 1, kati ya neno na neno kros 4. Jumlisha mstari mzima na hiyo NE ndani yake unapata 142. Toa kwenye 168 zinabaki 26, yaani 13 kila upande, na kushoto kabla ya M nimehesabu ni 13 kweli. Kwaiyo toka mwisho wa O ya APO mpaka pindo lazima kuwe na nafasi ya kros 25, 12 za NE na 13 za kupumulia, na kwenye picha yako ziko 25. Methali imekaa mahali pake. Zaidi ya hapo angalia ukingo wa lile tundu kwa kioo, uzi ukitoka huwa unaacha matundu ya sindano kwenye pamba, nadhani mguu wa kwanza wa N utauona.

Nyuzi sasa. Skrini usiiamini kwa rangi, ya laptopu inasema hivi ya simu inasema vile. Rangi inalinganishwa uzi kwa uzi, mchana, nyuma ya kitambaa. Kwa nyekundu ukipata DMC chukua 321 kwanza, pembeni yake uweke 498 ambayo imekoza na 666 ambayo inang'aa zaidi, utaona mwenyewe ipi inapotea ikilazwa juu ya uzi wa bibi. Nyeusi ni 310, ukiwa na nyuzi za kampuni ya Anchor ni 403. Hapa mjini mara nyingi utauziwa uzi usio na namba, hauna shida ilimradi hauachii rangi, ujaribu kwa ile pamba yenye maji, na ununue wote siku moja, mwezi ujao ukirudi nyekundu ya dukani itakuwa ndugu tu wa ile ya kwanza.

Ununue kiasi gani? Ndo ile COUNTIF. Kibunda cha DMC kina mita 8 na uzi una nyuzi ndogo 6. Kwenye Aida ya 11 tunashona kwa nyuzi 3, manake kibunda kinakupa mita 16, na kros moja mbele na nyuma inakula kama sm 1.1. Kwa karatasi unapata kros 1,450, kwa mikono, ukitoa vichwa na mikia ya uzi na pale unapofumua, we weka 1,100. Kwenye ya 14 tunashona kwa nyuzi 2, kros inakula sm 0.9 hivi, weka 2,000. Tuseme kompyuta imekwambia nyekundu ni kros 3,900 na unashona kwenye ya 11, hapo vibunda vinne, nunua vitano.

Kabla hujaingiza sindano angalia pia mguu wa juu wa kros za bibi umelalia wapi. Kwenye picha yako naona umetoka kushoto chini kwenda kulia juu, kila mahali, hata kwenye herufi. Shona hivo hivo. Ukichanganya miguu mwanga unaupiga uzi vingine na ua linakuwa na mabaka hata kama rangi ni moja.

Kuhifadhi nitasema kwa kifupi. Faili lisevu mara tatu, moja la kawaida la Calc, moja PDF ya kuchapisha, na moja CSV. Hiyo CSV inapoteza rangi zote inabakiza herufi tu, na ndo uzuri wake, ni maandishi matupu, kompyuta yoyote ya miaka ijayo itayafungua, na mjukuu wako akiona N na K atajua. Pembeni ya mchoro andika jina kamili la bibi, alikuwa mtaa gani, alikishona lini kama kuna mtu anakumbuka, na rangi zinamaanisha nini. PDF ichapishe kwa herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, kila karatasi irudie mistari miwili ya mwisho ya mwenzake ili usipotee unapohama. Kitambaa chenyewe usikikunje tena, kizungushe kwenye bomba la karatasi lililovishwa shuka jeupe safi, wala usikitie kwenye mfuko wa plastiki, kwa unyevu huu wetu wa bahari utakiotesha ukungu.

Nimemwacha jogoo makusudi. Umeuliza umrekebishe mkia, na mimi nilipoiona picha mara ya kwanza nilisema bibi kahesabu tano badala ya nne, inatokea. Afu nikakaa nikahesabu mstari mzima. Toka pindo la kushoto: nafasi 8, jogoo 58, nafasi 7, ua 21, nafasi 7, jogoo wa kulia 59, nafasi 8. Jumla 168, inalingana na pindo sawasawa. Sasa mrekebishe huyo jogoo awe 58 kama mwenzake, unapata 167. Ua lile lina kros moja katikati kabisa, ile ya njano, kwaiyo chochote utakachopanga sawa pande zake mbili lazima jumla iwe witiri, haikwepeki. Na pindo la majani ya kros 12 lazima liwe shufwa. Hivo vitu viwili haviwezi kukutana, kros moja lazima ipatiwe mahali pa kukaa. Angeitia kwenye nafasi, nafasi za pande mbili zisingelingana na jicho lingeona. Angeitia kwenye jani moja la pindo, kona isingefunga. Bibi akaitia kwenye mkia wa jogoo wa kulia, unyoya wa tatu toka juu, mahali ambapo manyoya yanatawanyika na jicho halihesabu, na alifanya hivo bila kompyuta, kwa kichwa chake, na pengine kwa kufumua mara mbili tatu.

Kwaiyo mkia huo mwanangu uache kama ulivyo, na kwenye faili kijumba hicho cha ziada kiwekee maelezo, andika bibi aliongeza hapa ili pindo lifunge. Programu yako ya rangi 64 isingekwambia, na ungemnakili wa kushoto ukampindua ungekaa wiki unatafuta kros moja iliyopotea.

Anza na ua na jogoo wa kushoto tu wiki hii. Ukimaliza nitumie faili lenyewe la Calc, sio picha ya skrini, niipitie hesabu na wewe kabla hujaenda kununua uzi.